Shajara ya mradi: kupandisha kasi ya RAM ya DDR4, na pale inapolipa

Ijumaa jioni. Swali na vifaa

Mradi huu una swali moja. Mtu akikaa na BIOS (programu ya mipangilio iliyo kwenye ubao mama) akapandisha kasi ya RAM kwa mkono wake, anapata kitu anachokiona kwenye kazi, au anapata namba nzuri tu kwenye programu ya kupimia? Nataka kulijibu kwa mashine ninayoitumia kila siku kukompaili programu, kuhariri video na kucheza gemu. Prosesa ni Ryzen 5 5600 ya AMD, ubao mama ni wa B550, na RAM ni mbili za GB 8, DDR4, zimeandikwa 3200 CL16: ya kwanza ni kasi, ya pili ni mapigo ya saa ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data. Ni vifaa vya kawaida kabisa. Majibu yatakayotoka hapa yatawafaa watu wengi kuliko yale ya RAM zilizochambuliwa chipu kwa chipu kwa ajili ya kuvunja rekodi.

Nimejiwekea sharti kabla ya kuanza: mpangilio wowote usiopita majaribio ya makosa usiku kucha hauhesabiwi, hata ukitoa namba gani. RAM ni mahali ambapo kila faili hupita kabla ya kufika kwenye diski. Ikigeuza biti moja ya picha au ya msimbo, hakuna onyo linalotokea, na faili lililoharibika linaandikwa kwenye diski kana kwamba liko salama. Kwangu mimi, kasi inayokuja na hatari hiyo haina thamani yoyote.

Jumamosi. Kabla ya kupandisha chochote

Nimerudisha BIOS kwenye mipangilio ya kiwandani, kwa sababu hapo ndipo kompyuta nyingi zinapoanzia, na nyingine hapo ndipo zinapobaki maisha yao yote. RAM iliyoandikwa 3200 haikimbii 3200 mpaka uiamuru. Hizi zangu zinawaka kwenye 2133, CL15, volti 1.2, kasi ya kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya RAM, ambayo ubao una uhakika zitaamka nayo.

Nimehakikisha pia sloti. Kwenye ubao wenye sloti nne, RAM mbili hukaa kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka upande wa prosesa. Ukizibananisha kwenye mbili za kwanza, zote mbili zinaingia chaneli moja na chaneli ya pili inabaki tupu. Hilo peke yake linapoteza kuliko chochote utakachokuja kukirudisha kwa kubana nyakati, yaani vipindi ambavyo RAM inasubiri kati ya hatua zake. Programu ya CPU-Z inaonyesha kama chaneli mbili zinafanya kazi, na kuangalia hakuchukui hata dakika.

Hesabu ya kuanzia ni hii. Chaneli moja ina upana wa biti 64, yaani baiti 8. Kwa 2133 data huhama mara milioni 2133 kwa sekunde, kwa hiyo chaneli moja hubeba GB 17 kwa sekunde na mbili GB 34. (Hiyo 2133 si megahezi ya saa. Saa yenyewe ni nusu yake, na data huhama mara mbili kwa kila pigo. Ndiyo maana ya DDR.) Programu ya kupimia ya AIDA64 imenipa muda wa kusubiri unaozidi nanosekunde 90, kuanzia prosesa inapoomba data hadi inapoipata.

Kazi nitakazozirudia kila hatua: kipimo cha ndani cha 7-Zip, kukompaili mradi wangu mkubwa kuanzia mwanzo, kuchora tukio moja kwenye Blender, na gemu moja mara mbili. Mara ya kwanza picha zikiwa za kiwango cha juu kabisa, mara ya pili nikishusha picha hadi kadi ya grafiki ipumzike na prosesa ndiyo ielemewe.

Jumamosi usiku. Profaili

Nimewasha XMP. Profaili hii ni jedwali dogo ambalo mtengenezaji wa RAM ameliandika kwenye chipu ya SPD iliyo juu ya RAM yenyewe: kasi, nyakati na volteji alizozijaribu. Zangu zimepanda hadi 3200, nyakati 16-18-18-36 (ya kwanza ndiyo CL), volti 1.35. Kwenye DDR5 bado kuna XMP ya Intel, na AMD walileta EXPO yao mwaka 2022 pamoja na Ryzen 7000.

Mtu akisema hajawahi kupandisha kasi ya RAM lakini amewasha XMP, basi ameshapandisha. AMD na Intel wenyewe wanaihesabu hivyo kwenye masharti ya dhamana. Kiwango cha JEDEC cha DDR4-3200 ni CL22 kwa volti 1.2, kwa hiyo CL16 kwa volti 1.35 iko nje ya kiwango. Hata hivyo volti 1.35 ni ya kawaida kwa DDR4, na chipu zinaivumilia miaka nenda miaka rudi.

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote zitakazofuata. Njia imetoka GB 34 hadi GB 51.2 kwa sekunde, nyongeza ya nusu nzima. Muda wa kusubiri umeshuka hadi karibu nanosekunde 75. Na kazi zimesikia: 7-Zip imeongezeka bila ubishi, kukompaili kumefupika, na gemu lenye picha za chini limetulia, hasa zile nyakati ambazo fremu zilikuwa zinakwama ghafla. Blender haikusogea kabisa. Uchoraji wake unakaa zaidi ndani ya kache ya prosesa na hesabu zenyewe ni nzito kuliko safari za kwenda RAM, kwa hiyo RAM haina la kufanya pale.

Jumapili. Namba kwenye boksi

Leo sikugusa mashine. Nimekaa na hesabu, maana kuna jambo linalowapoteza watu dukani na linanipoteza hata mimi nisipoandika.

CL si muda. Ni idadi ya mapigo ya saa ambayo RAM inasubiri kabla ya kutoa data kutoka kwenye safu iliyokwisha kufunguliwa. Ili kupata muda halisi kwa nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, kisha gawa kwa kasi. 2133 CL15 ni nanosekunde 14.1. 3200 CL16 ni 10 kamili. 3600 CL18 nayo ni 10 kamili, kwa hiyo RAM yenye namba kubwa zaidi kwenye boksi haikuharakishi hata chembe kwenye muda wa kusubiri. 3600 CL16 ni 8.9.

Ukirudi nyuma inashangaza zaidi. RAM nzuri za DDR-400 zilikuwa na CL2: nanosekunde 10. DDR3-1600 CL8: nanosekunde 10. DDR5-6000 CL30 za leo: nanosekunde 10. Vizazi vyote hivyo vimepita, kiasi cha data kinachopita kwa sekunde kimekua mara kumi na tano, na muda wa kusubiri umekaa palepale. Bomba limepanuliwa tena na tena, lakini tone la kwanza linafika kwa muda uleule. Sababu iko ndani ya chipu. Kila biti ni chaji ndogo kwenye kapasita, kuisoma kunahitaji kuiruhusu itiririke kwenye waya mrefu hadi kwenye kikuza ishara chake, na mambo hayo ya kifizikia hayaharakishwi kwa kubadilisha kiunganishi cha nje.

Kutokana na hilo nimeamua kutumia muda wangu kwenye nyakati zaidi kuliko kwenye kasi. Kazi zangu zinasubiri tone la kwanza. Ni chache zinazojaza bomba zima.

Jumapili usiku. 3600

Programu ya Thaiphoon Burner, inayosoma SPD, inasema chipu zangu ni Micron za toleo E. Ni habari njema. Chipu hizi zinapanda kasi kwa urahisi na CL yake hushuka ukiongeza volteji, ila tRCD yake, muda wa kufungua safu, haijali volteji hata kidogo. Ukiilazimisha, mashine haiwaki. Kwa hiyo CL itakuwa ndogo na tRCD itabaki kubwa, na hakuna sababu ya kupigana nayo.

3600 nimeichagua kwa sababu ya prosesa. Ndani ya Ryzen 5000 kuna njia inayounganisha viini na kidhibiti cha RAM, Infinity Fabric. Saa yake ikilingana na saa ya RAM, data inapita bila kungoja zamu. RAM ya 3600 ina saa ya 1800 MHz, na karibu kila prosesa ya kizazi hiki inaifikia 1800. Ukipita uwezo wa Fabric, kidhibiti kinashuka hadi nusu ya kasi ya RAM na muda wa kusubiri unaruka juu. Ndiyo maana kwenye prosesa hizi RAM ya 4000 inaweza kushindwa na ya 3600 kwenye gemu.

Nimeweka 3600, 16-19-16-36, volti 1.4, Fabric 1800. Ubao umejaribu, umezima, umewaka tena, kisha ukapita. Kuwaka na kuzima huko ni ubao kujifunza jinsi ya kuongea na RAM kwa kasi mpya, na asiyejua anaweza kudhani ameua kitu. Ukishindwa kabisa, ubao hurudi wenyewe kwenye mipangilio ya mwanzo, au unaifuta mwenyewe kwa jampa ya CMOS, pini ndogo za kufutia mipangilio zilizo kwenye ubao.

Nimejaribu CL15, na BIOS imenionyesha 16 baada ya kuwaka. Hiyo ni kazi ya Gear Down Mode, ambayo huipandisha CL isiyogawanyika kwa mbili hadi namba shufwa inayofuata. Unaweza kuizima, lakini basi RAM inahitaji kutii amri kwa kila pigo la saa, na zangu zikizimiwa hazitulii. Nimeiacha.

Njia sasa ni GB 57.6 kwa sekunde. AIDA64 inaonyesha kuandika kukiwa karibu nusu ya kusoma, na hakuna kilichoharibika. Ryzen zenye kipande kimoja cha viini zina njia ya kuandika yenye nusu ya upana wa njia ya kusoma. RAM yoyote haiwezi kubadilisha hilo.

Jumanne. Kuhuisha, na nyakati ambazo hakuna anayezisoma

Boksi la RAM linaandika nyakati nne. BIOS ina makumi, na nimegundua kwamba raha ya mradi huu imejificha kwenye hizo nyingine.

Kapasita za DRAM zinavuja. Chaji iliyomo haikai, kwa hiyo kila safu lazima isomwe na kuandikwa upya kabla ya milisekunde 64 kwisha. Kazi hiyo imegawanywa kwenye amri 8192, kwa hiyo kila mikrosekunde 7.8 RAM inapokea amri ya kujihuisha. Ikijihuisha haifanyi kazi nyingine, na muda huo wa kutofanya kitu unaitwa tRFC. Kwa chipu za gigabiti 8 kama zangu, kiwango ni nanosekunde 350. Gawa 350 kwa 7800: asilimia 4.5 ya maisha yote ya RAM inapotea katika kujihuisha. Chipu ikipita nyuzi 85 za Selsiasi, kiwango kinataka ihuishwe mara mbili zaidi, na upotevu unafika asilimia 9. Joto la RAM basi si suala la uimara peke yake, linagusa kasi pia.

Wenye chipu za Samsung toleo B hapa ndipo wanapojivunia, maana zinaweza kumaliza kujihuisha chini ya nanosekunde 160. Upotevu unashuka hadi asilimia 2. Chipu zangu haziwezi hivyo. Toleo E la Micron hukaa karibu na 290 au 300, na mtu asijaribu kunakili jedwali la mwenye Samsung kwenye RAM ya Micron. Namba hizo ni za chipu nyingine.

BIOS inataka tRFC kwa mapigo ya saa. Saa yangu ni 1800 MHz, kwa hiyo nanosekunde 350 ni mapigo 630, na 630 ndiyo iliyokuwa imejiweka yenyewe. Nimeanza kushusha bandubandu, 600, 580, 560, kila mara nikiacha jaribio fupi lipite kabla ya kushuka tena.

Wakati huohuo nimebana tFAW. Hii inasema ndani ya dirisha moja la muda safu nne tu ndizo zinazoweza kufunguliwa. Pamoja na tRRDS na tRRDL, mapengo kati ya kufungua safu moja na nyingine, ilikuja ikiwa imelegea sana. tRRDS sasa ni 4, tRRDL 6, na tFAW 16, ambayo ni tRRDS mara nne, na chini ya hapo kubana hakuongezi chochote. Zote zimepita bila volteji kuongezwa. Kazi zinazorukaruka kwenye RAM, kama kukompaili na kubana mafaili, zimelisikia badiliko hili kuliko lile la kutoka 3200 kwenda 3600. Sikulitegemea, na nimerudia vipimo hadi nikaamini. Muda wa kusubiri sasa unakaribia 60 kutokea juu.

Usiku huu naacha tRFC kwenye 500, sawa na nanosekunde 278, na stressapptest, programu ya kusaka makosa ya RAM, ikikimbia kwenye Linux.

Jumatano. Mstari mmoja wa kosa

Ilipita usiku mzima. Asubuhi sikuizima, na mchana joto la chumba lilipopanda, mstari huu ukatokea. Ulitarajiwa kusomeka 5555555555555555. Umesomeka 5555555555555455. Programu imesoma tena mahali palepale na kupata 5555555555555455 ileile.

Nimekaa nautazama. Katika herufi kumi na sita, moja imetoka 5 ikawa 4: biti moja iliyokuwa 1 imekuwa 0. Na kwa kuwa usomaji wa pili umetoa jibu lilelile, data haikuharibikia njiani kwenda kwenye prosesa. Yaelekea imeharibikia ndani ya RAM, ikiwa imehifadhiwa. Hivyo ndivyo inavyoonekana safu isiyopewa muda wa kutosha kujihuisha kwenye joto: chaji imevuja, na hakuna aliyeirudisha kwa wakati.

Mashine haikuganda. Hakukuwa na skrini ya bluu. Windows ingewaka, gemu lingechezeka, na ningeweza kuishi na mpangilio huu mwezi mzima nikiusifia, huku biti moja ikianguka kila siku yenye joto, leo kwenye picha, kesho kwenye faili la hesabu. Ndiyo maana simwamini mtu anayesema RAM yake iko imara kwa sababu kompyuta haijazima. RAM yenye ECC, biti za ziada za kukagua makosa, ingeligundua kosa hili na kulisahihisha. Hizi za kawaida hazina. ECC iliyo ndani ya chipu za DDR5 nayo inasahihisha yaliyomo ndani ya chipu peke yake, haifuati data njiani.

tRFC imerudi 540, nanosekunde 300 kamili, na nimeelekeza feni ndogo kwenye RAM. Kipima joto cha RAM kimeshuka vizuri. Kisha nimeitoa feni na kurudia jaribio lote mchana wakati wa joto kali, kwa sababu mpangilio unaosimama kwa msaada wa feni utaanguka siku feni itakapojaa vumbi. Umepita.

Kuanzia leo kila jaribio linakimbia mchana pia.

Ijumaa. 3800

3800 inahitaji Fabric ya 1900. RAM zimepita kila jaribio. Lakini kwenye kumbukumbu za matukio za Windows kumejaa onyo la WHEA namba 19, kosa la njia ya ndani ya prosesa lililosahihishwa. Kusahihishwa si bure, kunachukua muda, na kweli 7-Zip imetoa namba ndogo kuliko ya 3600. Kuongeza kidogo volteji ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, kumeyapunguza maonyo bila kuyamaliza, na matumizi ya umeme mashine ikiwa imetulia yamepanda.

Nyongeza yenyewe ya njia kutoka 3600 hadi 3800 ni asilimia 5.6. Nimeifunga hatua hii. Prosesa nyingine ya aina hiihii inaweza kuifikia 1900 bila onyo hata moja, ni bahati ya kipande cha silikoni ulichopata, na pesa ya kununua RAM bora haiwezi kukinunua.

Juu ya volteji ya SoC, niandike hapa kwa herufi zisizosahaulika: hii siyo ya kuchezea. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua, AMD walitoa toleo la BIOS lililoizuia volteji hiyo isipite 1.3. Baadhi ya bao zilikuwa zikiipandisha zenyewe mtu akiwasha profaili ya RAM. Kwa hiyo kabla ya kuwasha profaili kwenye jukwaa jipya, sasisha BIOS, kisha usome volteji iliyowekwa kweli, usitegemee iliyoandikwa Auto.

Jumamosi. Kompyuta ya pili, isiyo na kadi ya grafiki

Nimeazima mashine yenye Ryzen 5 5600G. Haina kadi ya grafiki. Picha zinachorwa na sehemu ya Vega iliyo ndani ya prosesa, na sehemu hiyo haina kumbukumbu yake. Inakula kwenye RAM ileile inayotumiwa na viini. Ilikuwa na RAM moja ya GB 8 kwenye 2666.

Tuweke ukubwa wa tatizo mezani. RAM moja ya 2666 inabeba GB 21 kwa sekunde, zinagawanwa kati ya prosesa na grafiki. Kadi ya GTX 1650 yenye GDDR5, ambayo si kubwa, ina GB 128 kwa sekunde peke yake. Vega haikosi nguvu ya kuhesabu, inakosa data ya kuhesabia.

Nimeongeza RAM ya pili inayofanana na ya kwanza na kuiacha 2666 ileile. Gemu lililokuwa halichezeki limechezeka. Sijaona badiliko la namna hiyo popote kwenye mashine yangu kubwa. Kisha nimezitoa na kuweka zile zangu kwenye 3200, na fremu zimepanda tena karibu sambamba na kasi ya RAM. Kisha 3600, zikapanda tena. Hapa kila kinachoongezwa kwenye RAM kinaonekana kwenye skrini, na ningekuwa na mashine ya aina hii ningeitafutia RAM ya kasi kubwa inayowezekana, kasi kwanza, nyakati baadaye. Ni kinyume na mashine yangu. Prosesa hizi zinavumilia Fabric ya kasi zaidi ya zile za 5600, kwa hiyo kuna nafasi ya kupanda.

Kuna jambo la kache pia. 5600G ina MB 16 za kache ya L3, 5600 yangu ina 32, na 5800X3D ina 96. Kadiri kache inavyokuwa ndogo ndivyo prosesa inavyokwenda RAM mara nyingi, na ndivyo RAM ya kasi inavyolipa. Mwenye 5800X3D anayejisumbua kubana tRFC kwa ajili ya gemu anapanda mlima mrefu kwa mavuno kidogo. Awashe profaili, acheze.

Jumapili. Kazi halisi

Nimerudia kazi zote kwa mpangilio wa mwisho: 3600, 16-19-16-36, tRFC 540, tFAW 16, volti 1.4.

Gemu likiwa na picha za juu kabisa, tofauti kati ya profaili ya 3200 na mpangilio wangu haipo. Kadi ya grafiki ndiyo inayosubiriwa, na RAM haiwezi kuiharakisha. Nikishusha picha, wastani wa fremu umepanda kidogo, lakini fremu mbovu kabisa, zile zinazofanya mchezo ukwame, zimepungua kwa namna ninayoihisi mkononi. Anayecheza michezo ya ushindani kwa skrini ya 240 Hz ana sababu ya kufanya kazi hii. Anayecheza hadithi kwa 4K hana.

Kukompaili kumefupika kidogo tena. Ni sekunde, lakini ni sekunde ninazozilipa mara nyingi kwa siku, kwa hiyo kwangu zinahesabika. Kutoa video hakukubadilika kwa kiasi cha kuandikwa. Blender ni ileile tangu 2133.

Upande wa gharama nauweka wazi. Profaili ilichukua dakika chache na ilileta sehemu kubwa ya faida yote. Kubana tFAW na wenzake kulichukua jioni moja na kulilipa. tRFC ilikula siku nzima za majaribio kwa faida ndogo kuliko hiyo, na 3800 ilikula muda bila kurudisha chochote. Ningeanza upya leo kwenye mashine nyingine ya kazi, ningewasha profaili, ningeangalia kama 3600 inapita na Fabric 1800, ningebana tRRD na tFAW, ningeacha jaribio likimbie usiku na mchana, kisha ningefunga kesi. Na kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu kati ya RAM ya kasi na RAM zaidi, ningechukua zaidi. Mashine ikiishiwa RAM ikaanza kuandika kwenye diski, muda wa kusubiri unahama kutoka nanosekunde kwenda mikrosekunde, na hapo kasi ya RAM haina maana tena.

Mipangilio inayobaki na kazi iliyo mbele

Nimeihifadhi kwenye nafasi ya kwanza ya BIOS, na nimeipiga picha kila ukurasa, kwa sababu kusasisha BIOS hufuta profaili zilizohifadhiwa kwenye bao nyingi. Kwenye nafasi ya pili nimeweka 3200 ya XMP tupu, ya kurudia siku nikishuku kitu. Faili zangu kubwa nimezichukulia SHA-256 leo, namba inayobadilika hata biti moja ya faili ikibadilika, na nitazipima tena baada ya kila wimbi la joto.

Kinachofuata ni DDR5. Volti 1.1 badala ya 1.2, umeme unasimamiwa juu ya RAM yenyewe badala ya ubao mama, na kila RAM imegawanyika njia mbili za biti 32. Nataka kuona kama tFAW na wenzake bado wanalipa vilevile pale, au kama 6000 CL30 kutoka kwenye boksi tayari imeshakula faida yote.